Kurasa za Tumbo la Tatu

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni Nachingwea,
nimevaa gambuti za kaka yangu, zinanipwaya.
Likwata ananionyesha kwa ncha ya kisu: huyu hapa,
dume jekundu la Gidabasha, limetembea
kutoka bonde la Mbwemkuru hadi kwenye zege hili.
Anapasua. Mvuke unapanda kama sufuria ya ugali iliyofunuliwa.
Nachota kijiko kimoja, natia kichupani, naandika:
namba arobaini na moja, tumbo la kwanza, bado la moto.

Mama yuko upande wa pili na beseni lake la bluu.
Yeye hanunui nyama. Ananunua
kile ambacho wenye mabucha hawakiweki kwenye mizani:
taulo, kitabu, utumbo mwembamba wa kusokota.
Miaka ishirini na sita ya supu pale stendi
ilinisomesha mimi mpaka Morogoro.
Mwenyewe hajui a wala be.

Lakini mtazame anavyoosha kitabu.
Anakifunua ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba ndani,
hakuna ukurasa anaouruka.
"Huyu kala mabua ya mpunga, mchanga wake laini.
Yule wa jana alishinda kwenye mabibo.
Hukusikia harufu? Uraka mtupu.
Kafa mlevi, maskini."
Nacheka. Kisha, pembeni ya arobaini na moja,
naandika kwa penseli: *mama anasema mpunga.*

Barafu nilinunua kwa muuza samaki,
kwa hiyo sayansi yangu iliingia Mtwara inanuka vibua.
Jumanne umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika,
katika mkoa unaolalia gesi.
Nikalifunika jokofu blanketi mbili
nikakaa nalo kama mtu anayeuguza.

Mashine yenyewe haijazi hata kiganja.
Unadondosha tone, inaanza kusoma:
A, T, T, G, C, A, A, G,
herufi nne tu, bila nukta, bila aya,
usiku kucha, kama mtoto wa chuoni
anayerudia asichokielewa hadi kimkae.

Asubuhi nikapata orodha.
Wapo wanaovunja nyuzi za majani,
wapo wanaopika ile hewa ng'ombe anayoicheua,
na kundi moja, wapenda mabua, limefurika.
Huenda ni mpunga. Huenda.
Sijaapa.
Nikaweka pembeni kinyesi cha tembo wa Liwale,
cha mbuzi wa Newala asiyekunywa maji siku mbili,
cha kuro tuliyemvizia ukingoni mwa Ruvuma,
na chini ya kila safu, mstari uleule:
haijulikani.
Haijulikani.
Sehemu nne katika kumi, usiku wa giza.

Nikampigia Mama.
"Hao msiowajua, wana majina?"
"Wana namba."
"Wenye namba tupu ni wafungwa," akasema.
"Hata watu wa sensa waliniuliza jina kwanza."
Nikasikia masufuria, mtu anadai chenji,
kisha akashusha sauti:
"Na la mtu, mnasoma?"
"La nani?"
"La mtu tu. Linaloungua usiku.
Linalokataa hata supu yake mwenyewe."

Tangu lini, nikauliza.
Akasema foleni ni ndefu, wateja wanangoja,
akasema tangu Ramadhani,
akasema si kitu, akakata.

Mwanamke aliyejua ng'ombe wa mtu mwingine alikula nini
hakunitajia tumbo lake miezi saba,
nami nilisimama ng'ambo ya beseni
nikiandika mchanga laini, nikiandika uraka,
sikuona kanga ilivyofungwa mara mbili kiunoni.

Mashine hii haitibu. Najua.
Atahitaji daktari, kamera ya kumezeshwa, pesa, Ndanda.
Ila nimebakiwa na kichupa kimoja
na basi la saa kumi na mbili halijaondoka.
Nimebandika lebo. Pa namba nimeandika
Somoe binti Mtepa, jina lote, kwa kalamu ya wino.
Pa chakula: sijui, nitauliza.
Pa kundi, kama fomu inavyotaka: mamalia.
Herufi nne za mwanzo zimenitosha,
mkono ukasimama hapo.